Wembe wa Pili

Kwa miaka zaidi ya arobaini nimemlalamikia baba yangu kwa sababu ya adhabu moja. Nimelalamika nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, nikiwa mjane, na sasa nikiwa nyanya mwenye wajukuu watatu. Kila tukikusanyika nyumbani Asembo Bay, chai ikishamiminwa, lazima hadithi ile itoke, na ndugu zangu huimalizia kabla mimi sijafika katikati. Baba hakuwahi kujitetea. Alipuliza chai yake na kutabasamu. Tabasamu lile lilinikera kuliko adhabu yenyewe, maana nani anapenda kuchekwa na mtu aliyemwonea?

Adhabu ilihusu wembe.

Baba alikuwa karani bandarini Kisumu, enzi ambazo meli bado zilikuwa zikipiga honi asubuhi na mji mzima ukajua ni saa ngapi. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, chini ya reli, vyumba viwili na bomba la maji la watu wote. Kabla ya honi ya kwanza Baba alikuwa ameshatoka nje na fulana yake, beseni la maji moto mkononi na taulo begani. Aliketi kwenye benchi lililoegemea ukuta wa jikoni, mahali ambapo jua lilifika kwanza, akatundika kioo kwenye msumari. Hapo hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Hata Mama, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazishwa, alisubiri.

Ukiingia dukani leo ukaomba wembe, unapewa ule mwembamba wenye makali pande mbili, unaopinda ukiuminya. Wa Baba haukuwa huo. Ulikuwa na makali upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa na mgongo mnene wa chuma, kiasi kwamba hata mtoto angeweza kuushika kwa vidole viwili bila kujikata. Alizinunua nyembe hizo kwa duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni, duka ambalo lilifungwa zamani na sasa panauzwa simu. Zilikuja katika kiboksi kidogo, na kila wembe ulikuwa umefungwa peke yake katika karatasi yenye nta.

Mashine yake nayo ilikuwa nzito, ya chuma kinachong'aa, na kichwa chake kilikuwa na kifuniko chenye bawaba, kama sanduku. Baba alifunua kifuniko kwa kidole gumba. Akauingiza wembe, mgongo nyuma, makali mbele, akausukuma taratibu mpaka ukagota kwenye vijino viwili vidogo vilivyouzuia usipite. Halafu akafunga. Ta! Mlio huo ndio aliokuwa akiungoja. Ukiwa mzito, au usipolia kabisa, alifungua akaanza upya hata kama honi ya bandari imeshalia.

"Haijakaa," alikuwa akisema, si kwetu, kwa mashine.

Akimaliza kunyoa aliutoa wembe, akaukausha, akausugua kwenye kiganja mbele na nyuma mara kadhaa, akaurudisha kwenye karatasi yake. Hewa ya ziwa hula kwa kutu chuma chochote kisichotunzwa, na Baba hakuwa na nia ya kulilisha ziwa nyembe zake. Wembe mmoja alikwenda nao hata wiki mbili. Ukishachoka, alipewa Mama wa kukatia nyuzi na kufumua mishono, maana Mama alikuwa na cherehani.

Jumapili ilikuwa siku tofauti. Jumapili Mama alimwendea akiwa bado na povu kwenye masikio, akapitisha mgongo wa mkono wake shavuni mwake, kutoka sikioni mpaka kidevuni, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Haya," alisema. "Sasa umekuwa mtu wa kwenda naye kanisani."

Na Baba, karani aliyeogopwa na wapakuaji mizigo wote, alitazama chini akacheka.

Mimi nilikuwa darasa la nne, na shida yangu ilikuwa penseli. Wenzangu walichonga penseli kwa vipande vya wembe ule wa pande mbili, wakarudi nyumbani na vidole vilivyofungwa matambara. Wengine walisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka mwalimu akakasirika. Nikawaza: nyumbani kwetu kuna wembe wenye mgongo. Nikiwa nao, darasa zima litapanga foleni kwangu. Siku moja Baba akiwa kazini nilifungua kiboksi, nikachukua mmoja. Nikasita. Kisha nikachukua wa pili, wa akiba, maana hata nilipokuwa mdogo nilikuwa mtu wa kufikiria kesho.

Foleni niliipata. Kwa siku nne nilikuwa mtu mkubwa darasani. Siku ya tano Mama alifua sare yangu bila kunionya na akaukuta wembe mfukoni. Jioni niliitwa. Baba alikuwa ameuweka mezani, umeshakuwa butu kwa risasi ya penseli.

"Ni huu tu?" aliniuliza.

"Ni huo tu, Baba."

Alifungua kiboksi, akachungulia ndani. Akakifunga. "Haya," akasema. "Wembe mmoja, mwezi mmoja. Kuanzia kesho, wewe ndiwe utanishikia kioo."

Ndiyo ikawa adhabu. Alikitoa kioo msumarini, na kila asubuhi nikaamshwa kungali gizagiza, nikasimama mbele yake nimekishika kwa mikono miwili. Nikitetemeka, alinitazama juu ya kioo. Nikishusha, aliguna. Mikono iliwaka moto. Ndugu zangu walipita wakielekea bombani na ndoo zao, wakanicheka. Nilihesabu siku kama mfungwa, na mwezi ulipokwisha nilitangulia nje na kukitundika kioo pale msumarini mwenyewe, kwa madaha.

Baba akaja na beseni lake. Akakitungua, akanikabidhi.

"Bado," akasema.

"Lakini Baba, mwezi umeisha!"

"Bado."

Nikashika kioo mwezi wa pili mzima. Miezi miwili kwa wembe mmoja! Huo ndio uonevu niliokuwa nikiusimulia miaka yote. Nilikuwa nikisimama katikati ya sebule, nikinyanyua sinia kuonyesha jinsi nilivyoshika kioo, na watoto wa ndugu zangu wakaanguka kwa kicheko.

Jambo moja silisemi ninaposimulia, kwa sababu linaharibu hadithi. Mwezi ule wa pili haukuwa kama wa kwanza. Mikono ilikuwa imezoea. Baba alianza kuzungumza, yeye ambaye hakusemeshwa asubuhi. Aliniambia meli gani imeingia na imebeba nini, nani amedondosha gunia la sukari ziwani, kiboko gani ametokea karibu na gati. Alinifundisha kusikiliza wembe. "Laza kifuniko shavuni kwanza," alisema. "Kisha inua kidogo tu, mpaka uusikie unakata. Wembe ukinyamaza, umekosea." Nami nikausikia, kweli, mkwaruzo mdogo mkavu, kama kuku anayetembea juu ya maganda ya mahindi. Siku za mwisho aliniachia niweke wembe mwenyewe. Mara ya kwanza niliuingiza umepinda, akasema haijakaa. Mara ya tatu ulilia ta, na nikafurahi mno hata nikasahau kwamba niko kifungoni.

Mwezi wa pili ulipokwisha Baba mwenyewe ndiye aliyekirudisha kioo msumarini. "Sasa imeisha," akasema. Nilikwenda shuleni nikiwa huru, na sijui kwa nini njia nzima nilikuwa na huzuni.

Na wembe wa pili? Nilikuwa nimeuficha kwenye droo ya cherehani ya Mama, chini ya kitambaa kilichotandikwa ndani, bado uko kwenye karatasi yake ya nta. Mwanzo niliuacha pale kwa woga. Baadaye nilikuwa nimeshasema "ni huo tu", na kuutoa kungekuwa kujitangaza mwongo. Nilipoolewa Mama alinipa cherehani ile, na wembe ukaja nayo, kama mtoto wa kufikia. Cherehani hiyo ndiyo inayonilisha hadi leo; nashona sare za shule na magauni ya kitenge katika soko la Kibuye, Kisumu, kwenye safu ya mafundi. Nyembe zilizochoka Baba aliendelea kunipa za kufumulia mishono mpaka zake zilipokwisha kabisa. Ule wa droo sikuutumia hata siku moja. Niliufunga kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani usiote kutu, nikaurudisha. Kuutumia kungekuwa kuuiba mara ya pili.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana, baada ya masika, Baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa: mkono, mguu na nusu ya uso. Akili ilibaki nzima, ulimi ukawa mzito. Ndevu, ambazo hazijui habari za kiharusi, ziliendelea kuota.

Anayekaa naye pale nyumbani ni mke wa kitinda mimba wetu, kwa kuwa mdogo wangu huyo yuko barabarani na malori, mara Mombasa, mara Kampala. Wifi yangu huyo anampikia Baba, anamfulia, anamtolea kiti juani. Lakini kumshika uso hawezi. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana mpaka wao, na mpaka huo hauondoki kwa sababu mtu ameugua.

"Dada, mimi siwezi shika Mzee kidevu," aliniambia. "Hata akiniruhusu, mkono yangu yenyewe itakataa."

Mdogo wangu alijaribu mara moja aliporudi likizo. Baba alisema anamnyoa kama mtu anayepara sato. Kinyozi wa sokoni alipoitwa na mashine yake ya umeme, Baba alikaza mdomo, kwa kuwa hakutaka habari za mdomo wake zijadiliwe sokoni. Vijiti vya plastiki vya kunyolea nilivyoleta mimi viliziba kwa ndevu zile baada ya mvuto mmoja. Nikajaribu wembe wa pande mbili, nikauvunja katikati, nusu yake ikacheza ndani ya mashine kama jino la mtoto, kwa kuwa haina mgongo. Basi Baba akaacha kutoka. Kanisani hakwenda, matangani hakwenda, wageni wakija aliomba aambiwe amelala. Nilikuwa nikifika kila baada ya wiki mbili na kumkuta amekaa ameupa mlango mgongo. Iliniuma sana. Mtu aliyenisimamisha miezi miwili kwa ajili ya uso safi alikuwa anauficha uso wake.

Ndipo wifi yangu akajifungua msichana, na akapewa jina la Mama.

Kwetu jina si jina tu. Mimi nina jina la nyanya mzaa baba, na kwa hiyo tangu nazaliwa Baba ananiita Mama, tena kwa heshima. Mtoto huyu mchanga, kwa hesabu hiyo, alikuwa mkewe amerudi nyumbani. Wengine walikuja kumtania: "Mzee, bibi yako amefika, mbona humpokei?" Baba hakumpokea. Ubatizo ulipopangwa, wifi yangu alinisindikiza barabarani na mtoto mgongoni, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba Baba hajamshika mtoto hata mara moja.

"Anasema hataki mtoto amwone hivyo," alisema. "Nikimleta karibu anageuza uso. Na kanisani amesema haendi. Dada, fanya kitu."

Nilirudi Kisumu nikiwa na kazi. Nilizunguka maduka ya dawa, masupamaketi, vibanda vyote vya Kibuye. Nilichora wembe kwenye karatasi ya patani ya nguo na kuonyesha. Vijana waliutazama kama nimechora dinosaria. "Hiyo ni ya kitambo, mathe," waliniambia. Mwishoni nikaingia duka moja la hadiwea kununua mafuta ya cherehani tu, na juu ya kaunta, nyuma ya misumari, nikaziona: nyembe zenye makali upande mmoja na mgongo mnene. Karibu nimkumbatie muuzaji.

"Ni kali?" nilimuuliza.

"Kali sana, mama. Hiyo inatoa rangi yote."

Neno rangi lilinipita. Furaha ilikuwa imeniziba masikio.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya ubatizo, nilimweka Baba kwenye kiti chake nyuma ya nyumba, nikampaka povu, nikafungua mashine. Wembe uliingia sawasawa. Nikafunga kifuniko. Baba aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Mzito," akasema.

"Ni mpya, Baba. Zimebadilika."

Hakubishana. Nikaanza na upande wa kulia, ule uliokufa, kwa sababu najua ndio aliokuwa akiuonea haya. Wembe ulikwaruza vibaya, si ule mlio ninaoujua, nami nikaendelea, nikijiambia ni mkono wangu. Kisha povu likageuka waridi. Baba alikuwa ametulia kabisa, hana habari, hasikii chochote upande ule. Alijua amekatwa kwa kuutazama uso wangu.

"Nini?" aliuliza. Mkono wake wa kushoto ukapanda, ukashuka na damu.

Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nilibana kidonda kwa taulo, huku nikisema pole, pole Baba, na yeye akanyoosha mkono kuomba pakiti. Ukarani hauishi. Aliisogeza mbali na macho yake, akaigeuza. Kulikuwa na picha ambayo mimi, katika haraka yangu, sikuitazama: mkono wa mtu unakwangua rangi iliyomwagikia kioo cha dirisha.

"Mama," akasema polepole, akiyatafuta maneno. "Mimi si dirisha."

Ningecheka, kama yeye angecheka. Hakucheka. Alifuta povu kwa taulo, akageuza kiti kuelekea ukutani. "Siendi," akasema. "Waende na mtoto. Mimi siendi."

Jumatatu nilikuwa Kibuye, ninafumua pindo la sare, na droo ya cherehani iko pale gotini kwangu kama ilivyokuwa miaka yote. Nilijua tangu Jumamosi. Niseme ukweli, nilijua hata kabla ya hadiwea. Nilizunguka mji mzima nikichora wembe kwenye karatasi huku wembe wenyewe uko inchi chache kutoka kwenye goti langu, kwa sababu ningesema nimeutoa wapi? Ningemwambia nini? Fikiria mwanamke mwenye miwani na wajukuu, anayewafokea mafundi wenzake mchana kutwa, anamwogopa mzee asiyeweza kusimama. Nilijaribu kutunga uongo: nimeupata kwa muuza vitu vikuukuu. Lakini ile karatasi ya nta asingekosa kuitambua. Nilifumua pindo lile vibaya hadi mwenye sare akalalamika.

Siku moja kabla ya ubatizo nilifika Asembo Bay jioni. Mdogo wangu alikuwa amefika na lori lake, watu wamejaa, mchele unachaguliwa mawe. Asubuhi, kabla wengine hawajavaa, nilichemsha maji nikampelekea Baba nyuma ya nyumba. Alianza kutikisa kichwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kitambaa cha mafuta, nikaweka karatasi ya nta gotini kwake.

Aliitazama muda mrefu. Aliigusa kwa kidole cha mkono wa kushoto.

"Baba," nikasema, na sauti ikatoka ya darasa la nne, "nilichukua mbili. Ulipouliza kama ni huo tu, nilikudanganya. Huu ndio wa pili. Sijauchongea hata penseli moja."

Nilingoja. Uso wake haukuniambia kitu, maana nusu yake haisemi tena. Kisha akausukuma wembe kuelekea kwangu.

"Weka," akasema.

Vidole vilikuwa vinaniteleza kwa mafuta. Niliufuta, nikafunua kifuniko, nikauingiza, mgongo nyuma, makali mbele. Nikafunga.

"Haijakaa."

Nikafungua. Kweli, upande mmoja haukuwa umefika kwenye kijino. Nikausukuma tena, nikafunga. Ta! Mlio ule ule, mwepesi, ambao sikuwa nimeusikia tangu nyumba za reli. Tulitazamana.

"Imekaa," akasema Baba.

Nikalaza kifuniko shavuni, nikainua kidogo, na wembe ukaanza kuimba. Kuku akatembea juu ya maganda yake. Nilikwenda polepole, upande uliokufa kwanza, nikivuta ngozi kwa kidole gumba pale ilipolegea, nikipita mbali na kovu la wiki mbili. "Mos, Mama, mos," alikuwa akiniambia kila nikifika kona ya mdomo, yaani taratibu, taratibu. Halikutoka hata tone la damu. Nilipomaliza alipandisha mkono wake mzima, akajipapasa, vidole vikasimama chini ya taya ya kushoto. Nilikuwa nimeruka mahali. Nikarudia. Akajipapasa tena, akaushusha mkono. Nikaelewa kwamba ananishukuru. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na sabuni.

Kanisani mdogo wangu alimsukuma katika kiti cha magurudumu cha kuazima mpaka benchi la mbele. Watu waligeuka, akawaacha wageuke. Maji yalipomwagwa mtoto alilia kwa hasira nyingi, na bibi mmoja nyuma yetu akasema ni yeye mwenyewe kabisa, hata sauti. Wifi yangu alimleta mtoto akamlaza kwenye mapaja ya Baba, mimi nikamshikilia upande wa mkono usiofanya kazi. Baba aliinama. Mtoto akarusha mkono, jinsi watoto wachanga wanavyorusha bila kujua, na mgongo wa vidole vile vidogo ukapita shavuni kwa Baba. Alifumba macho. Nilijua anamsikia nani.

Tuliporudi chai ikamiminwa. Nyumba ilijaa, watoto wakiwa chini mkekani, na mmoja wao akapiga kelele: "Nyanya, tuambie ile ya kioo!" Ningeweza kukataa. Lakini mazoea ni mazoea. Nikanyanyua sinia, nikasimama katikati ya sebule nikaanza. Nikafika pale pa miezi miwili kwa wembe mmoja, na ulimi ukanikwama.

Baba alikuwa ameweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, alikuwa anataka kusema.

"Nyembe ngapi?" akaniuliza.

Watoto wakageuka kunitazama.

"Mbili, Baba."

"Miezi mingapi?"

Sinia lilikuwa bado juu. Nilikumbuka alivyochungulia ndani ya kiboksi jioni ile na kukifunga, yeye aliyehesabu magunia ya meli nzima bila kukosea hata moja. Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Mimi niliketi chini pale pale mkekani, miguuni kwa Baba.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua na ukaniacha nikutangaze vibaya kwa watu miaka yote hii. Mbona hukusema siku ile ile? Ningeurudisha."

Alitafuta maneno kwa muda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshuka begani kwangu.

"Ungerudisha," akasema, "adhabu ingeisha." Akapumzika, akameza mate. "Na kioo, Mama, nani angenishikia?"

Kisha akanyoosha mkono aletewe chai yake, akaipuliza.